Mafuta ya kunukia na ukungu wa mazao: si kila mafuta ya mmea yamo

Ushauri mwingi wa kilimo huyaweka mafuta ya mwarobaini, mafuta ya karafuu na maji ya majani yaliyochemshwa katika fungu moja, kisha huyaita yote mafuta ya kunukia yanayotibu ukungu. Kosa hili limerudiwa mno, na anayeumia ni mkulima.

Mafuta ya kunukia ni mchanganyiko wa kemikali nyepesi zenye harufu, ambazo hutolewa kwenye mmea kwa kuupitishia mvuke na kuupoza mvuke huo, au, kwa jamii ya michungwa, kwa kukamua maganda ya matunda. Kemikali hizo, kama yujenoli ya karafuu, timoli ya thaimu (mmea wa kiungo chenye harufu) na sitrali ya mchaichai, huvuruga utando wa seli za kuvu, yaani viumbe vinavyosababisha ukungu, hadi vilivyomo ndani vikavuja, hivyo mbegu za kuvu hushindwa kuota na nyuzi zake hudumaa.

Mafuta ya mwarobaini, kama ya ufuta au ya nyonyo, ni kitu kingine kabisa. Hayo hukamuliwa kutoka kwenye mbegu, ni mazito, na sehemu yake kubwa ni asidi za mafuta zisizogeuka mvuke kwa urahisi. Tone lake likidondoshwa kwenye karatasi huacha doa la kudumu, ilhali tone la mafuta ya kunukia yaliyo safi hukauka na kutoacha alama yoyote ya maana. Mafuta ya mwarobaini yanaweza kweli kupunguza ubwiri unga, yaani ukungu unaoonekana kama unga mweupe juu ya majani, lakini kwa sehemu kubwa hufanya hivyo kwa kuufunika uso wa jani, wala si kwa nguvu ya harufu yake. Nayo maji ya majani yaliyochemshwa katika sufuria iliyo wazi yana upungufu wa kusikitisha, kwani mvuke unaopotea hewani ndio hasa unaoyabeba mafuta yanayotafutwa.

Tofauti hii huamua namna ya kutumia. Kwa kuwa mafuta ya kunukia huruka upesi, mvuke wake hufanya kazi vizuri zaidi ndani ya ghala au chombo kilichofungwa, ambako matunda yaliyovunwa hulindwa dhidi ya kuvu wa kijivu na wa kijani, kuliko shambani penye jua na upepo, ambako kinga yake ni ya muda mfupi. Hayachanganyiki na maji bila kiambata, yaani kitu cha kuyaunganisha nayo, na yakizidi kipimo huunguza majani, maana utando wa seli za mmea nao hudhurika. Hata jina la mmea peke yake halitoshi kukadiria nguvu yake: ipo mithaimu yenye timoli nyingi na ipo isiyo nayo karibu kabisa, ingawa kwa macho ni mmea uleule.

Kwa hiyo anayepulizia mafuta ya mwarobaini hakosei kuyatumia. Ninachomwomba ni kuyaita mafuta ya mbegu, na asichukue kipimo kilichoandikwa kwa ajili ya mafuta ya karafuu akakihamishia huko, wala kile cha mwarobaini akakitumia kwa karafuu, kwa sababu katika hali hii ya pili majani yanaweza kuungua kabla ukungu haujaguswa.