Kigeu cha kati: athari inapita njia gani, na jibu la kompyuta husomwaje

Afisa ugani anawafundisha wakulima wa kahawa wa Masaka, Uganda, msimu unaofuata mavuno yao yanapanda. Swali la kwanza ni jepesi: je, mafunzo yamesaidia? La pili ndilo linalomkosesha mtafiti usingizi: yamesaidia kwa kupitia wapi? Pengine wakulima walianza kupogoa miti yao. Pengine walipalilia mapema. Pengine faida waliyoipata pale ni kujuana tu na muuzaji wa mbolea isiyochakachuliwa. Uchambuzi wa kigeu cha kati ni mbinu ya takwimu ya kulishughulikia swali hilo la pili. Kigeu ni kitu chochote unachokipima ambacho hutofautiana kati ya mtu na mtu, na cha kati ni kile ambacho athari hupitia. Wanafunzi wa shahada ya uzamili wanaipenda, na wana haki ya kuipenda, kwa sababu swali la njia ndilo linaloiambia serikali au shirika lifanye nini mwakani. Lakini katika tasnifu ninazoletewa nizisome, sehemu hiyo ndiyo huwa na madai makubwa kuliko data iliyokusanywa.

Vigeu ni vitatu. Kigeu huru ni mafunzo: mkulima aliyehudhuria anapewa 1, asiyehudhuria 0. Kigeu tegemezi ni mavuno, tuseme kilo za kiboko kwa mti mmoja. Kiboko ni ile robusta iliyokaushwa na maganda yake, jinsi wakulima wengi wanavyoiuza. Kati yao unaweka kupogoa, yaani asilimia ya miti ya mkulima iliyopogolewa. Dai lako ni kwamba mafunzo yanabadilisha upogoaji, na upogoaji unabadilisha mavuno.

Kompyuta inalipima dai hilo kwa regresheni mbili, yaani hesabu za kutabiri kigeu kimoja kutokana na vingine. Ya kwanza inatabiri kupogoa kutokana na mafunzo, na kizidishi chake huitwa a. Ya pili inatabiri mavuno kutokana na kupogoa na mafunzo kwa pamoja. Kizidishi cha kupogoa ni b, na cha mafunzo ni c′, ambayo ndiyo athari ya moja kwa moja, ile isiyopita kwenye upogoaji. Athari ya kupitia kati ni a mara b.

Nimetunga namba ili hesabu ionekane. Chukua wakulima 240. Waliofundishwa wamepogoa miti yao kwa pointi 20 za asilimia zaidi ya wenzao, kwa hiyo a ni 20. Kila pointi moja ya upogoaji inaambatana na ongezeko la kilo 0.015 kwa mti, mafunzo yakiwa yameshikiliwa palepale, kwa hiyo b ni 0.015. Zidisha: kilo 0.30 za kiboko kwa mti zimepitia kwenye mkasi wa kupogolea. Ikiwa c′ ni 0.10, athari ya jumla ni kilo 0.40. Jumla hiyo inatimia sawasawa katika regresheni za kawaida za mstari, mradi wakulima ni walewale na vigeu vya kudhibiti, vile vya ziada unavyovishikilia palepale kama ekari na umri, ni vilevile. Ukiingia kwenye regresheni ya lojistiki, kwa mfano kama matokeo yako ni mkulima kupata ugonjwa wa mnyauko shambani au kutoupata, usitegemee itimie hivyo.

Hapa Kampala wengi hufanya kazi hii kwa SPSS, programu ya takwimu ya kulipia, wakiongezea programu ndogo ya bure iitwayo PROCESS, iliyotengenezwa na Andrew Hayes. Ukishaipakia, mstari mmoja unatosha:

process y=mavuno/x=mafunzo/m=kupogoa/cov=ekari umri/model=4/total=1/boot=5000/seed=2025.

Modeli ya 4 ndiyo ya kigeu cha kati kilicho rahisi, na inakubali pia vigeu kadhaa vya kati vinavyokwenda sambamba. Baada ya cov unaorodhesha vigeu vya kudhibiti. Neno total=1 linaiamuru ikuoneshe na athari ya jumla. Seed ni namba yoyote unayochagua mwenyewe ili ukirudia kesho upate majibu yaleyale. Bila hiyo desimali zitachezacheza na msimamizi wako atauliza kwa nini. Majina ya vigeu yasizidi herufi nane, la sivyo programu itakusimamisha kabla haijaanza. Na kabla ya yote, hakikisha zile 999 ulizoandika pale mkulima alipokosa jibu umezitangaza kuwa ni data isiyokuwepo. Usipofanya hivyo, SPSS itaamini kwamba yuko mkulima aliyepogoa asilimia 999 ya miti yake, na b yako itaharibika kimyakimya. Wenye majibu pungufu PROCESS inawaondoa wazima wazima, kwa hiyo tazama juu ya matokeo imeandika sampuli ya wangapi. Ukiona 171 wakati ulihoji 240, una jambo la kueleza.

Asiye na leseni ya SPSS, na wako wengi, asijione amekwama. R, programu nyingine ya takwimu, ni ya bure kabisa. Kifurushi cha lavaan kinakuruhusu kuandika njia zako mstari kwa mstari na kukitajia kwamba ab ni a mara b. Kifurushi cha mediation kina amri ya mediate, ambayo majibu yake yameandikwa ACME kwa athari ya kupitia kati na ADE kwa athari ya moja kwa moja. Stata nayo, programu nyingine ya takwimu, kuanzia toleo la 18, ina amri yake yenyewe yenye jina hilohilo la mediate.

Sasa tuisome skrini. PROCESS inatoa kwanza regresheni ya kupogoa, kisha ya mavuno, halafu chini kabisa kisanduku chenye athari tatu. Athari ya jumla na ile ya moja kwa moja zina thamani ya p, ile namba ambayo ikiwa ndogo athari husemwa ina umuhimu wa kitakwimu. Mstari wa athari ya kupitia kati una Effect, BootSE, BootLLCI na BootULCI, basi. Swali ninaloulizwa kila muhula ni hili: “Mwalimu, p yake iko wapi?” Haipo, na haikusahauliwa.

Sababu ni kwamba ab ni zao la makadirio mawili. Hata kama a na b kila moja ina mgawanyo wa kawaida wenye umbo la kengele, zao lao kwa kawaida halina. Huegemea upande mmoja, hasa sampuli ikiwa ndogo. Jaribio ambalo Michael Sobel alilipendekeza mwaka 1982 hulichukulia zao hilo kama kengele iliyonyooka, na kwa hiyo mara nyingi hushindwa kuiona athari iliyopo. Badala yake kompyuta inafanya butistrapu. Inachukua wakulima wako 240 na kuchota upya wakulima 240 kutoka humohumo, ikimrudisha kila mmoja kabla ya kuchota mwingine. Katika mchoto mmoja mkulima wa kijiji fulani anaweza kutokea mara tatu na jirani yake asitokee kabisa. Inahesabu ab. Inarudia mara 5000. Kisha inazipanga hizo ab zote kuanzia ndogo hadi kubwa, inakata 125 za chini na 125 za juu, na mipaka ya zilizobaki ndiyo BootLLCI na BootULCI: masafa ya uhakika ya asilimia 95. Kama sifuri haimo ndani ya masafa hayo, una ushahidi wa kitakwimu wa athari ya kupitia kati. Katika mfano wetu tuseme ni 0.12 hadi 0.51. Sifuri iko nje.

Tuseme pia c′ ya 0.10 ina masafa ya −0.15 hadi 0.35. Hapo ndipo kalamu nyingi zinapokimbilia kuandika kwamba kupogoa kumebeba athari yote ya mafunzo, kwa kuwa athari ya moja kwa moja “haipo”. Tabia hiyo ina chimbuko. Mwaka 1986 Reuben Baron na David Kenny walichapisha makala iliyotoa hatua za kufuata: kwanza athari ya jumla iwe na umuhimu wa kitakwimu, kisha a, kisha b, mwisho utazame kama c′ imepungua au imefikia sifuri. Makala hiyo ilifundisha vizazi na inastahili heshima yake. Ila kukosa umuhimu wa kitakwimu si sawa na kuwa sifuri. Masafa ya −0.15 hadi 0.35 yana nafasi ya theluthi nzima ya kilo kwa mti, na kwa mwenye miti 400 hiyo ni gunia zaidi ya moja. Ongeza sampuli na c′ ileile itapata umuhimu, na athari iliyoitwa “kamili”, yaani yote imepitia kati, itageuka kuitwa “nusu”, yaani sehemu tu imepitia, ilhali shambani hakuna kilichobadilika. Mimi humshauri mwanafunzi ayaache maneno hayo mawili na aandike ukubwa wa kila athari na masafa yake.

Hatua ya kwanza ya mwaka 1986, ile ya kudai athari ya jumla ionekane kabla ya kuendelea, nayo inaweza kukupotosha, na kahawa inalionesha hilo vizuri. Robusta iliyozeeka hukatwa shina ili lichipue upya. Mti uliokatwa haukupi kitu cha maana mpaka machipukizi yakomae. Basi afisa ugani akifundisha kukata mashina na kupalilia pamoja, mafunzo yanashusha mavuno ya karibuni kupitia ukataji na kuyapandisha kupitia palizi. Njia mbili zinavutana, jumla inakaribia sifuri, na mtafiti anayefuata hatua kwa ukali anafunga kompyuta na kuripoti kwamba mafunzo hayana kazi. Weka ukataji na palizi kama vigeu viwili vya kati na hadithi yote inajitokeza, mmoja ukiwa na alama ya kutoa. Kwa sababu hiyohiyo usishikamane na uwiano wa ab kwa athari ya jumla, ile “asilimia 75 imepitia kwenye kupogoa”. Jumla ikiwa ndogo, uwiano huo unaweza kuvuka 1 au kuwa hasi.

Kuna kigeu kingine ambacho watu hukichanganya na hiki, kigeu cha masharti. Ukisema mafunzo yanafanya kazi zaidi kwa wenye mashamba karibu na barabara, umbali wa barabara hauko njiani. Unaamua tu athari iwe na nguvu kiasi gani. Hiyo ni modeli ya 1 katika PROCESS, na ni swali jingine.

Jambo zito kuliko yote kompyuta haiwezi kulisema. Ukibadilisha mpangilio, ukaweka mavuno kati na kupogoa mwisho, PROCESS itakupa a, b na masafa safi bila kulalamika. Na pengine hata ungekuwa na hoja: mkulima aliyevuna vizuri ana pesa za kumlipa kibarua apogoe. Mshale unachora wewe, kutokana na unachokijua kuhusu kahawa na kutokana na wakati ulipopima. Ukimhoji mkulima siku moja kuhusu mafunzo, upogoaji na mavuno, hujapima mlolongo wowote. Robusta ya Uganda huvunwa misimu miwili kwa mwaka, kwa hiyo nafasi ipo: orodha ya mahudhurio ichukuliwe siku ya mafunzo, miti ihesabiwe shambani baadaye, kiboko kipimwe kwenye mavuno yanayofuata. Ni nauli zaidi na uvumilivu zaidi, lakini ndicho kinachoupa mshale wako uhalali.

Halafu kuna visababishi vya pamoja. Wengi wanaamini kwamba wakigawa mafunzo kwa bahati nasibu, vijiji hivi vipate na vile visubiri, wamemaliza. Wamelinda a, na wamelinda athari ya jumla. Hawajailinda b, kwa sababu hakuna aliyegawa upogoaji kwa nasibu. Aliyepogoa ni yule mwenye vijana nyumbani au uwezo wa kuajiri vibarua, na watu haohao ndio wanaopalilia, wanaoweka samadi na kukata matawi yaliyotobolewa na mdudu. Usipopima nguvu kazi ya kaya na kuiweka kwenye cov, b itabeba sifa ya samadi na palizi, na ab itavimba. Nguvu kazi yenyewe ipime kabla ya mafunzo. Ukiipima baada yake, huenda mafunzo nayo yameigusa, na kuidhibiti kutaleta upotofu mwingine.

Kwa yale usiyoweza kuyapima, kifurushi cha mediation kina amri ya medsens. Inauliza: mabaki ya regresheni mbili, yaani yale ambayo kila regresheni imeshindwa kuyaeleza, yangehusiana kwa kiasi gani ili ab ifutike? Ikisema 0.1, kisababishi kidogo tu ulichokisahau kinatosha kukuangusha. Ikisema 0.5, una nafasi kubwa zaidi ya kujitetea.

Aya ya matokeo basi inaweza kusomeka hivi, na itamridhisha mtahini makini: “Wakulima waliofundishwa walipogoa zaidi kwa pointi 20 za asilimia, na kila pointi iliambatana na kilo 0.015 za kiboko kwa mti. Athari ya kupitia upogoaji ilikadiriwa kuwa kilo 0.30, masafa ya uhakika ya asilimia 95 yakiwa 0.12 hadi 0.51 kwa michoto 5000 ya butistrapu. Athari ya moja kwa moja ilikuwa 0.10, masafa −0.15 hadi 0.35, hivyo hatuwezi kuondoa uwezekano wa njia nyingine. Makadirio haya yanachukulia kwamba, baada ya kudhibiti ekari, umri na nguvu kazi ya kaya, hakuna kisababishi kingine cha pamoja cha upogoaji na mavuno.” Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo wanafunzi huniomba ruhusa ya kuifuta, wakihofia inadhoofisha kazi yao. Huwa nakataa, na kuwaomba waweke namba ya medsens papo hapo pembeni yake.