Uliza namba ya lenzi, si bei yake

Tangu kambi za upasuaji wa mtoto wa jicho ziongezeke, ambako lenzi ya jicho iliyoingia ukungu hutolewa na kuwekwa ya bandia, dawati letu la malalamiko limezoea kauli moja: "Mimi nimewekewa lenzi ya bei rahisi." Jirani kawekewa ya kukunja, yeye kapewa ngumu, basi kadhulumiwa. Kitengo cha macho hakiruhusiwi kujadili faili la mgonjwa hadharani. Kuhusu lenzi zenyewe tunaweza kusema.

Lenzi ngumu ni akriliki iitwayo PMMA, ukoo mmoja na vioo vya ndege za vita. Daktari Harold Ridley wa London aliona marubani walioingiwa na vipande vya vioo hivyo machoni wakiishi navyo bila jicho kuvikataa. Mwaka 1949, katika hospitali ya St Thomas', akampandikiza mgonjwa lenzi ya akriliki hiyo. Kwa hiyo plastiki inayobezwa kwenye foleni zetu ndiyo iliyochunguzwa muda mrefu kuliko zote. Ya kukunja hupitishwa kwenye tundu la milimita 3 hivi au pungufu. Ngumu, yenye upana wa kama milimita 6, huhitaji njia pana zaidi, ambayo ikichongwa vizuri hujifunga, mara nyingi bila nyuzi. Tundu dogo hupona mapema na halipindishi sana uso wa jicho. Hiyo ni faida ya kweli, ila si sababu ya kumshtaki mtu.

Kinachoharibu matokeo mara nyingi ni kipimo. Ukikosea urefu wa jicho kwa milimita 1 tu, nguvu ya lenzi inapotoka kwa karibu daiopta 3 (daiopta ni kipimo cha nguvu ya lenzi), na mgonjwa atatoka na miwani mizito ambayo hakuitarajia. Halafu wapo wanaotoroka foleni ya mashine ya kupima urefu huo kwa sababu "miwani nilishapimwa". Kupimwa miwani siko kupimwa urefu wa jicho! Tumesema, tumebandika ukutani, bado.

Sasa stika. Boksi la lenzi huja na stika kadhaa zenye aina, nguvu kwa daiopta, namba ya utambulisho na tarehe ya mwisho wa matumizi. Muuguzi husoma nguvu kwa sauti kabla boksi halijafunguliwa, daktari hurudia, ndipo lenzi hutolewa. Stika moja hubandikwa kwenye rejista ya chumba cha upasuaji, moja kwenye faili, moja kwenye kadi yako. Kadi isiyo na stika irudishe siku hiyohiyo, usisubiri kliniki. Lenzi ikitiliwa shaka, boksi zote za toleo hilo hutengwa, fomu hujazwa na taarifa hupelekwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Kuingiza au kuuza kifaa tiba kisichosajiliwa, au kilichopitwa na muda, ni kosa la jinai. Mhusika anaweza kutozwa faini, kufungwa au vyote viwili, na mzigo kuteketezwa. Tarehe ya mwisho wa matumizi, tafadhali, inahusu lenzi ikiwa ndani ya boksi. Ikishawekwa jichoni haiozi wala haibadilishwi kila baada ya miaka kadhaa.

Na, kinyume na uvumi, jicho halitolewi nje likaoshwa na kurudishwa. Mtoto wa jicho naye harudi: kimfuko kinachobeba lenzi ndicho hufanya ukungu, nao hutobolewa kwa leza kwa dakika chache, bila kisu.

Tunachokiogopa sisi ni usaha ndani ya jicho. Hutokea kwa nadra, lakini unaweza kulipofusha jicho kwa siku chache. Ndiyo maana jicho huoshwa kwa ayodini kabla ya kisu, ile ya kahawia inayolalamikiwa kuwa inawasha, na vituo vingi humalizia kwa kudunga sefuroksimu, dawa ya kuua bakteria, ndani ya jicho. Maumivu yakizidi, wekundu ukiongezeka au uoni ukishuka baada ya kufunguliwa bandeji, njoo usiku huohuo. Matone ya deksamethasoni (ya kutuliza uvimbe) yakiisha, usijinunulie mengine duka la dawa, wala usimwazime mzee wa nyumbani: huweza kupandisha presha ya jicho kimyakimya.

Shirika la Afya Duniani sasa huhesabu upasuaji kuwa na matokeo mazuri mtu akifikia 6/12, yaani akiona kwa mita 6 kile ambacho jicho zima huona kwa mita 12, kwa miwani yake kama anayo. Mwenye presha ya macho au kisukari kilichogusa retina (utando wa nyuma ndani ya jicho) huenda asifike hapo hata lenzi ikiwa bora. Ataambiwa mapema, na ataweka saini kwamba ameelezwa.

Waliopoteza kadi waje dirisha la kumbukumbu na karatasi ya ruhusa ya kutoka wodini. Wasio nayo waje na kitambulisho na tarehe ya upasuaji, hata ya kukadiria. Tutatafuta kwenye rejista. Waliofanyiwa kambini waanzie kwa waandaaji wa kambi, kwani rejista hiyo hatuna.