Chuma kwenye dripu: ninayoyasikia kila wiki na ukweli wake

Wiki iliyopita niliitwa mashamba matatu ya zabibu hapa Dodoma, na kote nikakuta jambo lilelile: mipira ya dripu, yaani ya umwagiliaji wa matone, ni ya msimu huuhuu, filta inang'aa, lakini kuanzia katikati ya mstari hadi mwisho hakuna tone linalodondoka. Wenye mashamba hawafahamiani, ila maneno yao yalikuwa yaleyale: "Fundi, ile mbolea ya chuma niliikoroga ikayeyuka kabisa, haiwezi kuwa ndiyo iliyoziba." Ndiyo iliyoziba, hiyohiyo wanayoipa mizabibu inayopauka kwa kukosa chuma. Nimelieleza hili shamba kwa shamba mpaka nimechoka, na kila nikilieleza mtu mmoja, wengine wawili wanakuwa wameshamwaga mfuko mwingine. Basi nimeona niliandike.

"Ikiyeyuka kwenye ndoo, imeyeyuka"

Hii ndiyo inayoniumiza kuliko zote, kwa sababu anayeisema ni mkulima makini aliyekoroga kweli.

Mzee mmoja wa upande wa Mpunguzi alinipokea getini. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, njoo ujionee mwenyewe." Akanipeleka kwenye ndoo ya lita 20. Ndani kulikuwa na salfeti ya feri (ferrous sulphate), ndiyo mbolea yake ya chuma, iliyokorogwa asubuhi ile, kijani hafifu, angavu, unaona hadi kitako cha ndoo. Sikubishana naye. Nilichukua wembe, nikakata mpira pale penye tundu kavu, nikaupasua kwa urefu. Ndani yake kile kinjia cha plastiki chenye kona kona, ambacho upana wake haufiki milimita moja, kilikuwa kimejaa tope laini la kahawia. Nilipolisugua kidoleni lilipakaa kama kakao iliyolowa. Mzee aliangalia kidole changu, akaangalia ndoo yake, akaniuliza, "Sasa hilo limetoka wapi?"

Limetengenezwa ndani ya bomba. Salfeti ya feri ikiwa nzito kwenye ndoo huyafanya maji ya ndoo yenyewe kuwa na asidi, pH ya 3 au 4 hivi (pH ni kipimo cha asidi: 7 ni katikati, chini yake ni asidi), na kwenye asidi chuma hutulia. Venturi, kile kifaa kinachonyonya mbolea kutoka kwenye ndoo, ikishakivuta na kukimwaga kwenye bomba kuu, kinakutana na maji ya kisima ambayo ni mara mia kwa wingi. Visima vingi ninavyopima huku vinasoma juu ya 7.5, na vina bikaboneti tele, ile inayoacha ukoga mweupe kwenye birika lako la chai. Ile asidi kidogo ya ndoo inamezwa palepale. Chuma kinajikuta kwenye maji yenye oksijeni na pH ya juu, kinageuka kutu. Kila pH ikipanda kwa 1, kasi ya kugeuka huko inaongezeka takriban mara 100. Kwenye pH ya 6 una saa nyingi za kujinusuru. Kwenye 8 ni suala la dakika, na maji hayajafika hata nusu ya shamba.

Ndoo inakuonyesha yaliyomo ndani ya ndoo tu. Mzabibu haunywi kutoka kwenye ndoo.

Mkia wa dhana hii ni "filta itakamata". Filta iko mwanzo wa shamba, tope linazaliwa baada yake. Na hata lile linalozaliwa mapema, filta ya diski ya mesh 120 inazuia vitu vya mikroni 130 (milimita moja ni mikroni 1,000) kwenda juu, wakati kutu ya chuma huanza ikiwa laini kuliko hapo. Inapita, inakwenda kushikana na kutulia kule ambako maji yanakwenda polepole, yaani mwisho wa mistari na kwenye vile vinjia vyenye kona. Ndiyo maana filta yako ni safi na mwisho wa mstari ni mkavu.

Nifanye hesabu ya kilo moja. Salfeti ya feri ya kawaida ina chuma asilimia 20, yaani gramu 200 kwa kilo. Chuma hicho kikigeuka chote kinakuwa karibu gramu 380 za tope, nikilihesabu likiwa kavu. Zigawe gramu hizo kwenye matundu ya shamba lako, kisha uniambie kama bado unashangaa.

Kwa hiyo, kwa maji ya aina hii, salfeti ya feri haiingii kwenye dripu. Nafasi yake ni bomba la mgongoni, jioni, kwa nusu asilimia au pungufu, kwenye majani. Hilo halina ugeni wowote: Mfaransa Eusèbe Gris alionyesha miaka ya 1840 kwamba mzabibu uliopauka hurudi kijani ukipakwa chumvi ya chuma majani.

Na kabla mbolea yoyote ya chuma haijaingia kwenye mpira, iwe imeandikwa nini kwenye mfuko, nawasihi mfanye jambo moja. Chukua chupa ya maji ya kunywa ya lita moja na nusu, ijaze maji ya kisima chako mwenyewe. Weka mbolea kwa kipimo kitakachokuwa ndani ya mpira, sio kile kizito cha ndoo. Kama zitapita mbolea nyingine siku hiyo, nazo ziweke. Tikisa, iache mezani saa 24. Ukikuta maji yamefanya ukungu, au kuna vumbi la kahawia kitakoni, hilo ndilo lingekuwa kwenye dripu yako. Haina gharama, haihitaji maabara, na katika wote walioniita wiki ile hakuna hata mmoja aliyekuwa amefanya.

"Chelati ni chelati, nipe ya bei nafuu"

Chelati ni mbolea ambayo chuma chake kimeshikwa na kiini kingine ili kisigeuke kutu. Kwanza kuna wanaosema ni jina la wenye maduka la kupandishia bei. Hapana. Mwaka 1952 Stewart na Leonard walishachapisha matokeo ya chelati za chuma kwenye michungwa ya Florida, na tangu hapo imekuwa kazi ya kawaida shambani. Tatizo ni kuzichukulia zote kuwa kitu kimoja.

Aina zake ninazokutana nazo ni EDTA, DTPA na EDDHA. EDTA ndiyo rahisi na ndiyo iliyojaa kwenye maduka ya pembejeo. Inakishika chuma vizuri mpaka pH ya 6 au 6.5. Kupita hapo kalsiamu iliyomo kwenye maji na udongo inakisukuma chuma nje na kukaa yenyewe. Chuma kinabaki peke yake, na umerudi palepale pa mzee wa Mpunguzi, ila safari hii umelipa zaidi. DTPA inavumilia hadi 7 na kidogo. EDDHA inakwenda hadi 9, na kwa maji na udongo wenye chokaa ndiyo ninayoipendekeza bila kusita. Bei yake ni kubwa, nalijua hilo. Lakini kilo ya EDDHA ya asilimia 6 ina gramu 60 za chuma, na gramu 60 zinatosha kuzipa lita 60,000 za maji miligramu 1 kwa lita. Piga hesabu hiyo kwa maji unayomwagilia kabla ya kusema huiwezi. Ukiinunua, usiishie kwenye ile 6. Tafuta namba ya orto-orto kwenye lebo, maana hiyo ndiyo sehemu inayokishika chuma kwa nguvu.

Na usiiache kwenye ndoo nyeupe juani. Mwanga unaivunja. Tangi jeusi, lenye kifuniko.

"Nimeongeza asidi humohumo ili kuua chumvi"

Kushusha pH ya maji ni jambo jema. Kumimina asidi nzito kwenye tangi lenye chelati ni kuivunja chelati uliyoinunua. EDDHA hasa ikikutana na asidi kali inaganda na kushuka chini. Asidi iwe na tangi lake na sindano yake ya kuiingiza kwenye bomba.

Hali kadhalika fosfeti. Chuma na MAP (mbolea ya fosfeti ya amonia) kwenye tangi moja hutoa vumbi jingine la kuziba. Naitreti ya kalsiamu inakaa na chelati ya chuma bila ugomvi. Fosfeti na salfeti zikae kwenye tangi la pili.

"Klorini itasafisha"

Klorini inaua ute wa bakteria, lakini ikikutana na chuma inakigeuza kutu haraka zaidi, na chelati inaiharibu. Usiipitishe siku ya chuma. Na tafadhali sana, klorini na asidi zisikutane kwenye chombo kimoja kwa hali yoyote. Gesi inayotoka hapo inaua mtu.

Mengine nitayapitia haraka. Udongo mwekundu una chuma kingi mno, ndicho kinachoupa rangi, lakini pH ikiwa juu mizizi haikipati. Kwa hiyo kufukia misumari chini ya mzabibu ni kuongeza kutu kwenye kutu. Si kila njano ni chuma: chuma kikipungua yanaanza majani machanga, mishipa ikibaki kijani. Yakianza ya chini, yaliyozeeka, fikiria naitrojeni au magnesiamu. Na kama majani ni ya njano na udongo umeloa siku zote, punguza maji kwanza kabla ya kununua chochote. Kuchokoa tundu kwa pini kunaharibu kinjia. Baada ya hapo tundu hilo linamwaga kama bomba na jirani yake anakosa.

Mipira iliyokwishaziba, kama tope bado bichi, inaokoka. Natumia asidi ya sitriki, nashusha maji ya ndani ya mpira hadi pH ya 2 au 3, naiacha ifanye kazi saa moja, kisha nafungua ncha za mistari na kuyasukuma yote nje kwa maji mengi. Glavu na miwani, na asidi ndiyo inayoingia kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi. Tope likishakaa misimu miwili likakauka, ninanunua mpira mpya.

Shambani kwa mzee tuliokoa sehemu kubwa ya mistari. Siku ya kupitisha EDDHA tulitanguliza maji matupu mpaka presha ikatulia, ndipo tukafungua venturi. Tulisimama wote kwenye tundu la mwisho kabisa, yeye ameshika kikombe cheupe. Tone lilianza jeupe, likaja jekundu kama juisi ya rozela. Tukafunga venturi, maji yakaendelea. Mzee hakuondoka pale mpaka kikombe kilipokuwa cheupe tena, na aliniambia mjukuu wake atakuwa anafanya hivyohivyo kila mara.