Nguzo za skrubu: uwezo wake huamuliwa wakati wa kuzungushwa

Mchoro wa nguzo ya skrubu, yaani shina la chuma lenye bamba lililopindwa kama uzi wa skrubu, linalozungushwa ardhini ili kubeba jengo, hutaja kipenyo cha bamba, unene wa chuma na kina, lakini mzigo ambao nguzo hiyo itaubeba hutegemea sana namna ilivyoingizwa ardhini. Alexander Mitchell, mhandisi wa Ireland aliyekuwa kipofu, alipata hataza ya nguzo hizi mwaka 1833, na mwaka 1838 nguzo za mnara wa taa wa Maplin Sands, kwenye mlango wa mto Thames, zilizungushwa kwa nguvu za watu waliokuwa juu ya chelezo. Leo mota ya haidroliki iliyofungwa kwenye ekskaveta humaliza kazi hiyo kwa dakika chache, na nadhani urahisi huo ndio unaowatia waendeshaji haraka.

Bamba ambalo uzi wake una hatua ya milimita 75 linapaswa kushuka takriban milimita 75 kwa kila mzunguko, likiacha ardhini mkato mwembamba tu. Likizunguka bila kushuka, ama kwa sababu mtambo haukandamizi vya kutosha au kwa sababu ncha imekutana na tabaka gumu, huanza kuukoroga udongo. Udongo wa mfinyanzi uliokorogwa hupoteza nguvu, na unaoumia zaidi ni ule ulio juu ya bamba, ambao ndio unaotegemewa pale upepo unapoivuta nguzo kwenda juu; mzigo wa kukandamiza, kinyume chake, huegemea udongo ambao bamba halijaupitia.

Kwenye mchanga mambo si mepesi hivyo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dundee, wakiwa na nguzo kubwa za baharini akilini, wameonyesha kwamba mizunguko ya ziada hupunguza nguvu ya kusukuma inayohitajika, na inaweza hata kuongeza uwezo wa kuhimili mvuto huku uwezo wa kubeba mzigo wa kukandamiza ukipungua. Mimi nisingeuchukua ugunduzi huo kuwa kibali cha uzembe kwenye msingi wa nyumba.

Wengi hukadiria uwezo kutokana na nguvu ya kusokota, yaani ile inayohitajika kuizungusha nguzo, kwa kuizidisha kwa kigezo. Kwa shina la bomba la milimita 89, kigezo kinachotumika sana ni takriban 23 kwa mita, hivyo wastani wa kilonyutoni-mita 10 hutoa kilonyutoni 230, ambazo kwa kawaida hugawanywa kwa 2 kwa ajili ya usalama. Wastani huo huchukuliwa kwenye sehemu ya mwisho ya kushuka, yenye urefu wa vipenyo vitatu vya bamba. Kilele kimoja kilichosababishwa na jiwe hakihesabiwi. Kipimo hicho pia hakionyeshi pengo linaloachwa karibu na uso wa ardhi na shina lililoyumba, ambalo hudhoofisha ukinzani dhidi ya mizigo ya mlalo.

Kwa hiyo fomu zangu hudai namba mbili kwa kila milimita 300 za kushuka: nguvu ya kusokota na idadi ya mizunguko. Kwa hatua ya milimita 75 natarajia mizunguko minne. Ikiandikwa saba mwishoni mwa kina, siipokei nguzo hiyo kabla haijaongezwa kina au kujaribiwa kwa mzigo.