Kabla hujamponda: tunavyowakosea wadudu wa bustanini

Lugha yenyewe inatuponza. Kwetu chochote kidogo kinachotambaa ni mdudu: buibui, jongoo, tandu, hata mnyoo. Mtaalamu akisema insekta anahesabu miguu: sita tu. Buibui mwenye minane hayumo.

"Wote walio kwenye sukuma wiki wanakula majani." Geuza jani uone. Wale wa kijivu, kama waliomwagiwa unga, ni vidukari, wanafyonza utomvu. Katikati yao huenda kuna kidude cheusi chenye vijiba na madoa ya manjano, umbo kama mamba wa kuchezea. Kwa sura hiyo ndiye hupondwa wa kwanza. Mimi mwenyewe nimewaponda wengi. Kumbe ni mtoto wa yule mbawakawa mviringo, mwekundu mwenye madoa meusi, ambaye kila mtu humwona mzuri. Mkubwa na mdogo, wote chakula chao ni vidukari.

Chungulia tena. Kidukari aliyevimba, wa rangi ya kahawia, hasogei hata ukimgusa kwa kijiti? Ndani yake analelewa buu wa nyigu mdogo kuliko punje ya mtama. Akikomaa hutoboa tundu la duara, akatoka. Ukipulizia dawa wiki hiyo, umemuua na yeye.

"Sisimizi wanaupandia mmea waule." Mara nyingi wanafuata maji matamu yanayotoka kwa vidukari, na huwalinda kama mifugo. Fuata msafara wao, utalifikia zizi.

"Nairobi fly anauma", au anakojoa, kutegemea unamuuliza nani. Kwanza si nzi, ni mbawakawa mwembamba, mwekundu kwa mweusi. Haumi wala hana mwiba. Sumu yake, pederini, imo mwilini, nayo humwagika ukimponda kwenye ngozi. Malengelenge hutokea kesho yake au keshokutwa, ndiyo maana mtu hakumbuki kuguswa. Akitua mwilini mwako, mpulize aende, kisha osha kwa sabuni. Naye hula wadudu wengine.

"Ukimuua vunjajungu, utavunja chungu." Vyungu huvunjika hata kwa wasiomgusa. Ila imani hiyo imemponya mwindaji hodari, na sina haraka ya kuipinga mbele ya watoto. Tusimsifu kupita kiasi tu: nyuki akitua karibu naye, humla pia.