Kompresa ni nini, na ina kazi gani kwa sauti ya mwimbaji jukwaani?

Kompresa ni kifaa, au sehemu ya programu iliyomo ndani ya mikisa (mashine ya kuchanganya sauti) ya kidijitali, kinachopunguza tofauti iliyopo kati ya sauti ya chini na sauti ya juu. Mwimbaji anayeanza ubeti kwa sauti ya kunong'ona na kufika kwenye kiitikio kwa kupaza koo anaweza kupanda kwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 20 au zaidi ndani ya wimbo mmoja, ilhali gitaa, kinanda na ngoma zinazomzunguka hazishuki ili kumpisha. Maneno ya ubeti humezwa na vyombo, na kiitikio huwaumiza masikio wale waliokaa mbele ya spika. Fundi mitambo aliye makini hulishughulikia jambo hili kwa kidole chake juu ya kitelezi, akipandisha hapa na kushusha pale. Kompresa hufanya kazi hiyohiyo, ila kwa wepesi ambao kidole hakina.

Utendaji wake huanzia kwenye mipangilio miwili. Wa kwanza ni kizingiti, yaani kiwango ambacho sauti ikikivuka ndipo kifaa kinaanza kubana. Wa pili ni uwiano, unaoeleza kifaa kitabana kwa ukali gani. Tuseme kizingiti kimewekwa kwenye desibeli -20 (namba inavyokaribia sufuri ndivyo sauti inavyokuwa kubwa) na uwiano ni nne kwa moja. Sauti inayoingia ikiwa kwenye -8 imekivuka kizingiti kwa desibeli 12. Robo yake tu ndiyo itakayoruhusiwa, kwa hiyo itatoka ikiwa kwenye -17, na desibeli tisa zitakuwa zimeondolewa. Sauti iliyo chini ya kizingiti haiguswi kabisa. Hapa ndipo wengi wanapodhani kwamba kompresa huinua sauti dhaifu, wakati kwa kweli inachofanya ni kuishusha ile yenye nguvu. Kuinuliwa kwa sauti yote huja baadaye, kwa nobu nyingine (kitufe cha kuzungusha) ya kuongeza geini, yaani kiasi cha kukuza sauti, baada ya kubana.

Mipangilio mingine miwili inahusu muda: kifaa kinachukua muda gani kuanza kubana, na muda gani kuachia. Kompresa maarufu ya studio iitwayo 1176, iliyobuniwa na Bill Putnam na kuingia sokoni mwaka 1967, inaweza kuanza kubana ndani ya sehemu 20 za milioni ya sekunde, lakini kasi ya namna hiyo haihitajiki sana jukwaani. Kwa sauti ya kuimba, milisekunde 10 hadi 20 za kuanza huziacha konsonanti kama k, p na t zipite zikiwa na makali yake, na maneno yakasikika. Milisekunde 100 hadi 200 za kuachia huifanya sauti irudi bila kuyumba. Kwa kuanzia, uwiano wa tatu kwa moja, pamoja na kizingiti kinachoondoa desibeli tatu hadi sita pale tu mwimbaji anapopaza, unatosha kwa waimbaji wengi.

Tofauti kubwa kati ya studio na jukwaa ni fidibaki, ule ukelele mkali unaozuka maikrofoni inapoipokea tena sauti yake yenyewe kutoka kwenye spika. Kila desibeli moja unayoiongeza baada ya kubana ni desibeli moja inayopungua katika akiba uliyokuwa nayo kabla mitambo haijaanza kulia. Tena hatari haipo mwimbaji anapopaza sauti, kwa maana wakati huo kompresa imeshika. Hatari ipo anaponyamaza: kifaa kinaachia, maikrofoni inarudi kwenye geini yake ya juu kabisa, na ndiyo sababu mitambo iliyotulia wimbo mzima hupiga yowe katikati ya nyimbo mbili. Jukwaani, kwa hiyo, kompresa hutumika kukata vilele, na ile nobu ya kuongeza geini huguswa kwa uchache mno.

Suala la monita, yaani spika zinazomwelekea mwimbaji ili ajisikie, nalo linastahili uangalifu. Katika mikisa nyingi za analogi, kompresa ikichomekwa kwenye tundu la inseti (linaloitoa sauti kwenda kifaa cha nje na kuirudisha) la chaneli, yaani njia ya maikrofoni moja, sauti iliyobanwa ndiyo inayokwenda pia kwenye monita za jukwaani. Mwimbaji hujisikia amefifia kila anapoongeza nguvu, naye huongeza nguvu zaidi, kompresa ikazidi kumbana, na mwisho wake ni koo lililokauka kabla ya saa ya kufunga. Njia ya gharama nafuu ni kuzikusanya sauti za waimbaji kwenye kundi moja la mikisa na kuichomeka kompresa kwenye inseti ya kundi hilo, ili wasikilizaji wapate sauti iliyobanwa na monita zibaki na sauti ya asili. Kasoro yake huonekana kwenye kwaya: sauti moja yenye nguvu ikikivuka kizingiti, wote waliomo kundini hushushwa pamoja nayo.

Kabla ya kununua chochote, yapo mambo mawili yasiyo na gharama. La kwanza ni mkono wa mwimbaji. Kuisogeza maikrofoni kutoka sentimita tano hadi kumi mbali na mdomo hushusha sauti kwa takribani desibeli sita, na mwimbaji aliyezoea kufanya hivyo kwenye noti za juu huwa ameshafanya nusu ya kazi ya kompresa. La pili ni kichujio cha sauti nzito, ambacho hata mikisa ndogo huwa nacho. Kikikata kila kilicho chini ya hezi 80 au 100, mtikisiko wa mkono na upepo wa pumzi havitaifanya kompresa ibane bila sababu.

Baada ya hapo, kwa maoni yangu, asiye na vifaa vya zamani asihangaike kununua kompresa ya pekee, mashine ya efekti (inayoipamba sauti, kwa mfano kwa mwangwi) ya pekee na nyaya za kuviunganisha. Mikisa kama Yamaha MG10XU ina kompresa ya nobu moja katika baadhi ya chaneli na programu 24 za efekti, na mikisa ya kidijitali kama Behringer XR18 ina kompresa katika kila chaneli ya maikrofoni pamoja na nafasi nne za efekti. Nobu moja haikupi uhuru mwingi, lakini pia haikupi nafasi kubwa ya kuharibu.

Kuhusu efekti, riverbu (mwangwi kama wa ukumbi) na dilei (sauti inayojirudia baada ya muda mfupi) zinatosha. Ukumbi wenye kuta za saruji na paa la bati tayari una mwangwi wake, na kuuongezea mwingine ni kuyaua maneno. Chini ya turubai la harusi, ambako sauti hairudishwi na kitu, riverbu fupi huifanya sauti isiwe kavu. Dilei huendana na wimbo ukigawa milisekunde 60,000 kwa idadi ya mapigo ya dakika moja: wimbo wa mapigo 120 hupata milisekunde 500. Mpangilio pia una uzito wake, kwani kompresa hutangulia na riverbu hufuata. Ukizigeuza, kompresa itaachia kila mwimbaji anapovuta pumzi na kuuinua mkia wa riverbu katikati ya maneno. Mwimbaji anapoacha kuimba na kuanza kuzungumza na watu, efekti zizimwe mara moja, kwa sababu salamu iliyojaa mwangwi haisikiki hata safu ya tatu.