Sinia la Idi kwa Aliyefanyiwa Upasuaji wa Kupunguza Uzito

Idi inapokaribia, wagonjwa wetu wa hapa Tanga waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito huniuliza kama wataruhusiwa kula pilau. Kwa aliyekwisha kuruhusiwa chakula kigumu, jibu langu ni ndiyo, kwa vijiko viwili au vitatu, tena mwishoni mwa mlo. Wasiwasi wangu mkubwa uko kwenye sinia, kwenye vitamu na kwenye mzunguko wa nyumba kwa nyumba.

Tukumbushane kwanza kilichofanyika tumboni. Katika upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula, takriban asilimia 80 ya mfuko huo huondolewa, na hubaki bomba jembamba lenye ujazo wa mililita 100 hadi 150. Katika upasuaji wa kuunganisha kijifuko kidogo moja kwa moja na utumbo mwembamba, kijifuko hicho mwanzoni huchukua mililita 30 hivi, kiasi ambacho hakijazi hata kikombe kidogo cha kahawa ya barazani.

Sasa mweke mtu huyo kwenye sinia pamoja na ndugu wanne. Desturi hii ya mwambao naipenda na sitaki ife, lakini sinia halina kipimo: mkono hufuata mikono ya wenzake, na anayechelewa huonekana kana kwamba amekidharau chakula. Aliyefanyiwa upasuaji anapaswa kutafuna kila tonge mpaka lilainike kabisa, na mlo wake mdogo uchukue dakika 20 hadi 30. Kwa hiyo nawashauri wakae palepale jamvini pamoja na wenzao, ila chakula chao kipakuliwe kwenye kisahani cha chai. Waanze na protini, kwa mfano kipande cha changu wa kupaka kilichotolewa miiba au nyama ya kusaga, kisha mbaazi au mboga, na wali ufuate ikiwa nafasi ingalipo. Lengo la kawaida ni gramu 60 hadi 80 za protini kwa siku, na anayetanguliza wali hawezi kulifikia. Nyama ya pilau yenye nyuzi ngumu hukwama kwa urahisi, nao wali mkavu hushikamana ukawa donge. Mchuzi mwepesi husaidia. Kifua kikianza kubana, kwikwi ikija, au makamasi mepesi yakichuruzika ghafla, mkono unawe hapo hapo, kwa maana tonge moja zaidi huishia katika kutapika.

Vitamu vina hila yake. Nyama hukizuia kijitumbo na kumshibisha mtu mapema, lakini halua, tambi za sukari na kaimati zilizochovywa katika shira huteleza zikapita, kiasi kwamba mtu hula nyingi bila kuhisi kushiba. Ndiyo njia mojawapo ambayo uzito hurudi nayo. Kwa aliyeunganishwa utumbo, na wakati mwingine hata kwa yule aliyepunguzwa mfuko, kuna adha nyingine: sukari huingia utumboni kwa kasi, huvuta maji mengi, na ndani ya dakika 10 hadi 30 tumbo husokota, jasho hutoka, moyo huenda mbio na kuhara hufuata. Wengine hupatwa saa 1 hadi 3 baadaye, sukari ya damu inaposhuka, wakatetemeka na kuishiwa nguvu. Mama mmoja alinisimulia jinsi kaimati tatu na bilauri ya sharubati zilivyomkalisha kwenye kizingiti cha nyumba ya wifi yake, baibui limelowa jasho, huku wenyeji wakidhani amepandwa na presha. Alikuwa amekula kidogo mno kwa macho ya mtu yeyote pale.

Vinywaji visichanganywe na chakula. Asubiri nusu saa baada ya kula, kisha anywe maji kidogo kidogo mchana kutwa. Soda aiache, kwa sukari yake na kwa gesi yake. Kahawa chungu si tatizo kubwa, ila isinywewe pamoja na vidonge vya madini ya chuma, kwani hupunguza ufyonzwaji wake. Vidonge vya vitamini na madini havina sikukuu.

Mzunguko wa kutoa mkono wa Idi unahitaji maandalizi. Vipande viwili katika kila nyumba, kwa nyumba sita, ni mlo mzima wa unga na sukari. Ni heri kula mlo wako nyumbani kwanza, kisha ukaenda kuzungumza. Shangazi atasema, “Mwanangu, mbona umekonda hivi, kula basi.” Mjibu kwa adabu: “Ahsante shangazi, nimeshiba kweli, nifungie kidogo niende nacho.” Nanyi wenye nyumba, tafadhalini mpokeeni jibu hilo bila kumhimiza mara ya pili, kwa kuwa huko kuhimiza ndiko kunakomfanya ale kwa haya.

Ambaye hajatimiza wiki 6 hadi 8 tangu upasuaji afuate hatua aliyopangiwa, iwe ni supu iliyochujwa, mtindi laini au chakula kilichopondwa. Pilau haimhusu mwaka huu. Na anayetaka kufunga Sita, yaani zile siku sita za sunna baada ya Idi ya Ramadhani, azungumze kwanza na daktari wake, maana upungufu wa maji humpata upesi.

Mtu akitapika mfululizo, akishindwa kuhifadhi hata maji, akipata homa na maumivu makali ya tumbo, au akiona choo cheusi, aende hospitali siku hiyo hiyo, hata ikiwa ni Idi mosi. Asijitibu kwa diklofenaki wala ibuprofeni, ambazo huweza kuleta vidonda kwenye kijitumbo. Anapofika, jambo la kwanza amweleze mhudumu aina ya upasuaji aliofanyiwa na tarehe yake.